Nuru Kichwani mwa Mbeba Maji

Hapo zamani, zamani ambayo bibi yangu hakuikuta na bibi yake naye aliisikia tu, katika mji wa Stambuli palikuwa na mwanamke aliyeitwa Nefise, na kazi yake ilikuwa kutia dhahabu kwenye picha. Msinitazame hivyo. Nimesema mwanamke na nimesema dhahabu, na sijakosea popote.

Picha katika mji ule haikuwa kazi ya mtu mmoja. Karatasi ilipita mkono kwa mkono. Ilianzia kwa mchora mistari, akapanga watu na farasi na milima mahali pake. Ikaenda kwa wapaka rangi. Ikaenda kwa mchora nyuso, ambaye hagusi kitu kingine, nyuso tu, maisha yake yote nyuso. Mwisho ikafika kwa mtia dhahabu. Na hakuna aliyeandika jina lake. Ukiuliza nani kaifanya picha hii, unajibiwa: karakana. Walikuwa na fahari na neno hilo kuliko nyinyi mnavyojivunia majina ya babu zenu.

Baba yake Nefise alikuwa mtia dhahabu, na babu yake vivyo hivyo. Baba alipofariki hakuacha mtoto wa kiume. Aliacha binti, akaacha na jiwe la akiki la kung'arishia dhahabu, limesuguliwa miaka mpaka limekuwa laini kama jicho. Mkuu wa karakana, Ustadhi Dilaveri, akampa binti kazi ya baba yake. Wazee wa karakana wakaguna. "Mwanamke ashike dhahabu ya Sultani?"

Dilaveri akawaambia, "Nileteeni mwenye mkono mzuri kuliko wake, nami nitamtoa leo hii."

Hawakumleta, kwa sababu hakuwepo. Lakini hawakusahau pia. Walikaa wakimngoja ateleze.

Na kuteleza kwa mtia dhahabu si jambo dogo. Rangi ikikosewa inafutika kwa kitambaa kibichi. Dhahabu ikishasuguliwa kwa jiwe haitoki tena. Ukiikwangua inatoka na ngozi ya karatasi. Kwa hiyo sheria ya karakana ilikuwa moja: mtia dhahabu akiharibu ukurasa, analirudisha jiwe lake kwa mkuu, wala hashiki dhahabu tena mpaka anaingia kaburini. Nefise aliijua sheria hiyo kabla hajajua kusuka nywele zake.

Sasa nisikilizeni hapa vizuri, maana hapa ndipo mambo yote yalipoanzia. Walipofika kwenye picha za manabii, watu wa Stambuli walikuwa na adabu yao. Kwetu sisi hatuchori kabisa, najua, usinyooshe mkono, mwalimu, najua. Wao walichora vazi, wakachora kilemba, lakini uso wa Mtume, sala na salamu zimshukie, hawakuuchora. Waliuacha mweupe, kama umefunikwa kwa utaji. Na kuzunguka kile kichwa, mtia dhahabu akatia nuru: miali ya dhahabu inayopanda juu kama ndimi za moto. Uso mweupe, nuru ya dhahabu. Mtu yeyote wa mji ule akiona uso mweupe katikati ya picha, moyo wake ulijua uko mbele ya nani.

Haya. Siku moja balozi kutoka Ulaya akaja kwa Sultani na zawadi. Alileta saa, alileta vitambaa, alileta na kitabu cha picha. Sultani akakifungua, akakuta picha ya mahujaji wa Kiislamu wakiwa jangwani. Aliyeichora, masikini, hajawahi kumtia machoni Mwislamu hata mmoja. Vilemba kavichora kama maboga yaliyooza. Macho yamewatoka, meno yako nje, panga mikononi hata wakiwa kwenye sijida. Katika ukurasa mzima aliyekuwa na sura ya heshima ni ngamia peke yake.

Sultani hakukasirika. Alimgeuzia balozi ule ukurasa akamwuliza, "Hawa ndio sisi?"

Balozi alikuwa muungwana, akaona haya. "Ndivyo tunavyosimuliwa, Mtukufu."

"Basi utarudi kwenu na nyingine," Sultani akasema. "Sitaki picha ya vita, wala ya kiti changu. Mahujaji hao hao, jangwa hilo hilo. Tutajichora wenyewe, muone."

Habari ile ikafika karakana, na kila mtu akakaa wima. Dilaveri alisema mistari ya ukurasa huo hampi mtu, ataichora yeye. Akafunga mlango, akachora. Alichora msafara umepumzika jua la mchana, maji yamewaishia, watu wamejilaza kwenye vivuli vya mizigo. Na katikati kabisa akamchora mbeba maji, kiriba begani, anamnywesha bibi kizee, na maji yanapita katikati ya vidole vyake.

Katika picha za mji ule, ukubwa wa mtu ni cheo chake. Sultani anachorwa mkubwa, mawaziri wadogo kidogo, askari wadogo zaidi, na mbeba maji, akibahatika kuwemo, hafiki goti la askari. Dilaveri alimchora mbeba maji mkubwa kuliko amiri wa msafara na farasi wake. Hakumweleza mtu kwa nini. Yule alikuwa na kiburi cha fundi, mstari wake ndio maelezo yake, ukishindwa kuuelewa ni shauri lako.

Wapaka rangi wakapaka. Ukurasa ukaenda kwa Ustadhi Tursuni, mchora nyuso. Tursuni alikuwa na desturi yake: anaanza na nyuso za pembeni na kumalizia na ya katikati, ili mkono uwe umeshachangamka. Akachora mahujaji, akachora bibi kizee, akachora amiri. Ukabaki uso mmoja, wa mbeba maji. Hapo homa ikamshika, akabebwa kupelekwa nyumbani anatetemeka. Mtumishi wa karakana akauona ukurasa umekaa mezani umekauka, akadhani umekwisha, akaufunga kwenye kitambaa akaupeleka nyumbani kwa Nefise.

Mwaka huo karakana ilikuwa inafanya pia kitabu kikubwa cha maisha ya manabii. Kila mara Nefise aliletewa kurasa zenye uso mweupe ili atie nuru. Na ukurasa huu akaletewa kama zile, bila neno kwamba ndio ule wa balozi. Akafungua kitambaa. Akaona jangwa. Akaona watu wenye kiu. Akaona katikati yao mtu mmoja mkubwa kuliko wote, uso wake mweupe, na maji yanatoka kwenye vidole vyake.

Nani asiyeijua ile hadithi? Jeshi la Waislamu limeshikwa na kiu, Mtume akatia mkono chomboni, maji yakabubujika baina ya vidole vyake mpaka wote wakanywa. Nefise alisimuliwa na baba yake, alisimuliwa na mama yake. Alipouona ule mkono machozi yalimtoka. Akaenda kutawadha, akarudi, akakaa.

Akasaga dhahabu kwa asali kwenye kisahani, kwa kidole, polepole, mpaka ikawa laini. Akachukua brashi yake nyembamba ya manyoya ya paka. Kila alipotia mwali mmoja, alimsalia Mtume mara moja. Hakutia miali mifupi kama wanavyotia watu wenye haraka. Aliipandisha, akaichana ncha, akairudisha, ikapita juu ya milima ya picha ikagusa mbingu. Kisha akaisugua kwa lile jiwe la baba yake. Alipomaliza alijua, kama fundi anavyojua moyoni mwake bila kuambiwa, kwamba hajawahi kufanya kazi nzuri kiasi kile, na huenda asifanye tena. Alijisikia fahari iliyomjaa mpaka kooni.

Kesho yake Dilaveri akaja mwenyewe kuuchukua ukurasa. Akaufunua. Akasimama.

"Nefise," akasema, "umefanya nini?"

"Nimemtia nuru yake, ustadhi."

"Nani?"

"Mtume, sala na salamu zimshukie."

Dilaveri akakaa chini kwenye mkeka. "Binti yangu," akasema, "huyo ni mbeba maji."

Nefise alijua maana yake kabla hajaambiwa: ukurasa wa Sultani, mbele ya balozi wa Ulaya, na nuru ya Mtume iko kichwani mwa mtu anayebeba kiriba. Aliwaona wale wazee wa karakana wakinong'ona. Aliliona jiwe la baba yake likitoka mkononi mwake.

Dilaveri akachomoa kisu chake cha karatasi. Nefise akamshika mkono.

"Ukikwangua utatoboa, ustadhi. Nimeisugua ikasugulika."

"Kwa nini umeisugua hivyo?"

"Kwa sababu nilidhani ni yeye."

Hapo mlango ukagongwa. Alikuwa Tursuni, shuka mabegani, midomo imekauka, amesikia kwamba ukurasa umeondoka bila uso wake wa mwisho na homa haikumzuia kitandani. Wakamweleza. Akaitazama ile nuru kwa muda mrefu. Mtu wa nyuso huwa hasemi ovyo, anatazama kwanza.

"Tukiuacha uso huu mweupe," akasema, "tumemfanya Mtume kuwa kwenye msafara wa juzi, na huo ni uongo, tena uongo mbaya. Haufai kuachwa mweupe. Nitachora uso."

"Uso gani?" Dilaveri akauliza. "Uso wa mwezi kama wengine wote? Kichwa chenye nuru kama ile, uso wa kawaida utaonekana kama kofia ya kuazima."

Nje, Durmushi alikuwa anamimina maji mtungini. Durmushi alikuwa mbeba maji wa mtaa ule, ndiye aliyepeleka maji nyumba kwa nyumba na kule karakana. Tursuni akamwita. Durmushi akaingia amejikunyata, akidhani leo kawamwagia kitu.

"Simama hapo kwenye mwanga," Tursuni akasema.

"Kama ni ule mtungi, ustadhi, ulikuwa na ufa tangu zamani."

"Nyamaza. Usicheke. Haya, cheka."

Dilaveri alipoona Tursuni anachovya brashi, akang'aka. Karakana ile haikuchora uso wa mtu anayejulikana, isipokuwa masultani. Watu wengine wote walipewa uso mmoja mzuri wa mviringo, na huo ukawatosha wote. "Utamchora Durmushi? Huyu huyu anayepiga kelele mtaani?"

"Yule mchoraji wa Ulaya alituharibu kwa sababu hakumwona mtu," Tursuni akajibu. "Nami nikiwapa uso wa mwezi, nao hawatakuwa wamemwona mtu. Wacha wamwone."

Akachora, homa mwilini. Alichora ngozi iliyoungua jua, na jicho moja linalofumba kwa ajili ya mwanga, na pua iliyopinda kwa sababu Durmushi aliwahi kupigwa teke na punda, na lile tabasamu la mtu anayesubiri uvute pumzi ndipo akumiminie tena. Hakurembesha wala hakudhihaki. Nuru ya Nefise ikakaa juu ya uso ule kama ilivyotakiwa kukaa tangu mwanzo.

Dilaveri akaufunga ukurasa kwenye kitambaa. Mlangoni akageuka. "Tutaupeleka, hatuna mwingine," akasema. "Lakini sheria ni sheria, Nefise. Nilikutetea mbele ya wote. Nikikupindishia hili, watasema nilikuweka kwa upendeleo, na watasema kweli. Tukitoka kwa Sultani, utanipa lile jiwe."

"Naam, ustadhi," Nefise akasema. Kulia alilia baadaye, peke yake, na sitawaelezea.

Ijumaa baada ya sala wakaingia ukumbini. Sultani alikuwepo, balozi alikuwepo, na alikuwepo sheikh mkubwa wa mji. Durmushi naye aliletwa, kwa sababu Sultani alisikia kwamba uso mmoja ni wa mtu aliye hai. Alikuwa amevaa kanzu ya shemeji yake.

Ukurasa ukafunuliwa, na ukumbi mzima ukawa kimya. Kile kimya cha kuogopa mnakijua, na hiki hakikuwa hicho. Nefise alikuwa amesimama nyuma, amejifunika, na hata katika hofu yake alijisikia fahari. Aliwaona watu wake kwenye karatasi: amechoka huyu, anasali yule, mama anampepea mtoto kwa ncha ya mtandio, amiri kavua kilemba anajifuta jasho. Watu wenye heshima zao, hakuna aliyebebeshwa panga asilolihitaji.

Balozi akasogea. Akanyoosha kidole bila kuigusa karatasi. "Mtukufu," akasema, "huyu ni mfalme gani, anayewanywesha raia wake kwa mkono wake?"

"Huyo si mfalme," Sultani akasema. "Huyo anabeba maji."

Balozi akakitazama kile kitabu chake mezani, akakifunga.

Lakini sheikh alikuwa na neno lake. "Nuru hii ni ya manabii na mawalii," akasema. "Nani amempa mbeba maji?"

Dilaveri akafungua kinywa, Nefise akamtangulia. "Mimi, sheikh. Nilidhani ni Mtume. Nilikosea."

"Na ulipojua umekosea, mbona hukuifuta?"

"Dhahabu haifutiki ikishasuguliwa, sheikh."

Sheikh akainama juu ya ukurasa mpaka ndevu zake zikakaribia kuugusa. "Mawalii wa Mwenyezi Mungu hawavai alama," akasema mwisho. "Siwezi kusema huyu ni walii. Nikiamuru nuru hii ikwanguliwe, nitakuwa nimesema kwamba najua siye. Na hilo silijui. Iacheni."

Watu wakashusha pumzi. Mngedhani hadithi imekwisha, wakale pilau. Lakini balozi alikuwa na swali moja.

"Nani aliyeichora?"

"Karakana," Sultani akajibu.

"Kwetu hatutaelewa hivyo, Mtukufu. Kwetu picha ni mkono mmoja na jina moja. Nikiipeleka bila jina, watasema imeokotwa, au watasema ameifanya mtu wetu aliyetekwa. Naomba jina, moja tu, hapo chini."

Sultani akafikiri. Hakutaka fahari ya watu wake ipotee njiani kwa kukosa jina. "Litaandikwa," akasema. "Na litaandikwa kwa dhahabu. Binti, wewe ndiye mwenye dhahabu, utaliandika wewe. Lakini kwanza mwenye kudai na adai."

Hapo Dilaveri akakumbusha, kwa sababu alikuwa mtu wa kweli hata pale ukweli unapomchoma: "Mtukufu, mtia dhahabu huyu ana kosa la karakana. Leo anarudisha jiwe lake."

"Sheria yenu siivunji," Sultani akasema. "Ila ukurasa wenye jina lake hauwezi kuwa ukurasa aliouharibu. Jina likiwa lake, jiwe ni lake. Jina likiwa la mwingine, sheria ichukue njia yake."

Basi wakadai.

Ustadhi Dilaveri akasema, "Jina ni langu, na nitawaambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Bibi kizee anayenyweshwa hapo ni mama yangu. Nilimpeleka Hijja nikiwa kijana, tukaishiwa maji. Amiri wa msafara alipita na farasi wake, hakugeuza shingo. Mbeba maji mmoja akashuka njiani akamnywesha, maji yake ya mwisho, kisha akaenda. Sikumwuliza jina. Ndiyo maana nimemchora mkubwa kuliko amiri, na nilijua naweza kupoteza kiti changu kwa kuvunja kanuni ya vyeo. Huyu Nefise aliona utukufu kwa sababu niliuweka pale. Dhahabu yake imefuata mstari wangu, wala mstari wangu haukufuata dhahabu yake."

Ustadhi Tursuni akasema, "Mstari wa Dilaveri ulikuwa umbo la mtu asiye na uso. Nuru ya Nefise ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. Vitu viwili hivyo, ukiviunganisha bila mimi, ni kosa lililopambwa. Mimi ndiye niliyetoka kitandani na homa, nikavunja desturi iliyokuwepo kabla ya babu yangu, nikamtia mtu ndani ya ile nuru. Balozi hakuuliza mlima huu ni upi wala dhahabu hii ni ya wapi. Aliuliza, huyu ni mfalme gani. Aliuliza uso. Nyuso ni zangu."

Wakamgeukia Durmushi. Yeye akatazama nyuma yake, akidhani anatazamwa mwingine.

"Mimi sijui kuchora hata fimbo," akasema. "Lakini mkiniuliza, nasema. Rangi zote za ukurasa huo zimekorogwa kwa maji niliyoyabeba mimi. Uso ni wangu, niliuleta mwenyewe kwa miguu yangu." Watu wakacheka, naye akacheka kidogo, kisha akaacha. "Halafu nimemsikia Ustadhi Dilaveri. Mbeba maji alimwokoa mama yake, naye hakumwuliza jina. Simlaumu, hakuna anayetuuliza. Huyo ndugu yangu amekufa bila jina huko jangwani. Leo mnayo nafasi ya kuliandika jina la mbeba maji mmoja, moja tu, juu ya picha ambayo yeye ndiye mkubwa wake. Nanyi mnashindana ni la fundi gani."

Dilaveri aliinamisha kichwa.

"Na wewe, binti?" Sultani akauliza.

Nefise alishika ncha ya shela yake. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku hiyo hakuyameza. "Nitasema kweli, hata kama inanikata," akasema. "Ningejua ni mbeba maji, ningempa dhahabu ya ukingo wa kilemba, basi. Nuru ile nilimtilia aliye bora kuliko viumbe vyote, kila mwali na salawati yake, ndiyo maana imetoka hivyo. Mtu hawezi kuitia kwa kukusudia. Hata mimi siwezi kuirudia. Ustadhi Dilaveri alimfanya mbeba maji mkubwa, na Ustadhi Tursuni alimfanya mtu. Lakini ukumbi huu ulinyamaza, na nilisikia uliponyamaza, na kilichowanyamazisha kilitoka mkononi mwangu. Ni kosa langu. Mnanipokonya jiwe kwa kosa langu, basi msiniambie kwamba kosa hilo si langu likiwa zuri."

Sultani hakuhukumu. Alimwashiria tu asogee.

Nefise akakaa mbele ya ukurasa. Akasaga dhahabu kwa asali. Akiandika Dilaveri, amemlipa heshima mtu aliyemtetea, na anatoka ukumbini bila jiwe. Akiandika Tursuni, ametambua mkono uliomwokoa ukurasa, na anatoka bila jiwe. Akiandika Durmushi, watu wa Ulaya watasoma jina la mbeba maji karne na karne, naye Nefise hatashika dhahabu tena mpaka kufa. Akiandika Nefise, kazi ya baba na babu inabaki nyumbani, na kila atakayeisoma ataamini kwamba mwanamke mmoja alifanya peke yake kilichofanywa na wengi, na kwamba alikusudia.

Mara ya mwisho nilipoisimulia hii, ndugu wawili wa tumbo moja walitoka hapa hawasemeshani, na mmoja wao ni fundi seremala na mwingine anauza maji ya mikokoteni, kwa hiyo mnaweza kukisia nani alimtetea nani. Leo sitaki ugomvi. Nataka jibu.

Brashi imeshika dhahabu. Sultani anangoja, balozi anangoja, Durmushi kasimama na kanzu ya kuazima. Mahali ni padogo, jina ni moja, na likishasuguliwa halifutiki. Wewe uliyekaa hapo mbele, na wewe uliyejificha nyuma ya mwenzio: mkono ule ungekuwa wako, ungeandika jina la nani? Je, kati yao wanne, nani alilistahili?